Sura ya Tano: Mkoma, Mti Ambao Hakuna Aliyeupanda

Msafiri mgeni anayepita barabara ya Mombasa kwenda Malindi, au anayeacha Bagamoyo kuelekea Saadani, hufika mahali akanyosha kidole dirishani na kuuliza: "Ule mnazi mbona una vichwa viwili?" Akitazama vizuri huona mwingine wenye vinne, na mbele kidogo mwingine wenye vinane. Hapo maswali huongezeka. Umepata maradhi? Umepigwa na radi? Au kuna mtu aliyeupandikiza?

Si mnazi, na hauna maradhi yoyote. Ni mkoma, mwenyeji wa pwani hii. Mnazi ndio mgeni: uliletwa kwa njia ya bahari kutoka upande wa Asia, ukapandwa, ukapewa mashamba na sheria zake. Mkoma uliota wenyewe kwenye mchanga nyuma ya fukwe na kandokando ya mito, nao ndio uliotandika sakafu za nyumba, ukabeba nafaka sokoni na kukausha karafuu za Pemba. Leo unang'olewa kila siku viwanja vinaposafishwa, na naamini sababu kubwa ni moja: kwa kuwa hakuna aliyeupanda, hakuna anayeudai. Sura hii inaeleza mti wenyewe, kazi uliyoifanya, na nini kinahitajika ili uendelee kuwepo.

Utautambuaje?

Wataalamu wa mimea hukusanya minazi, mitende, mipopoo, michikichi na jamaa zao katika ukoo mmoja wenye aina zipatazo 2,600 duniani. Katika mwambao wetu, minne ya ukoo huu huchanganywa mara kwa mara:

- Mnazi: shina moja lisilo na matawi. Jani ni refu, lina uti katikati na vijani pande mbili.
- Mkindu: mashina membamba mengi yanayotoka kichaka kimoja. Jani lina umbo la jani la mnazi lakini ni fupi, na chini yake kuna miba mirefu inayochoma vibaya.
- Mvumo: shina moja nene, lililovimba upande wa juu, lisilogawanyika. Jani lina umbo la pepeo. Matunda ni makubwa, ya mviringo, rangi ya chungwa.
- Mkoma: jani lina umbo la pepeo na rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Kikonyo cha jani kina miba mifupi myeusi iliyopinda. Shina hugawanyika. Tunda ni la kahawia, linang'aa, na linajaa kiganjani.

Ukiona jani la pepeo, basi, bado una miti miwili mbele yako. Tazama shina. Likigawanyika, ni mkoma. Lisipogawanyika, shika kikonyo na uangalie tunda.

Majina ni mengi kwa sababu mti huu umetembea na watu wengi. Sehemu za Tanzania utasikia mkoche. Wagiriama na jamaa zao husema mlala. Waturkana, walioko mbali kabisa na bahari, huuita eng'ol na huutegemea kuliko sisi wa pwani. Upo Tsavo kandokando ya mto Galana, upo Samburu kandokando ya Ewaso Ng'iro. Popote unapostawi kwa wingi, mara nyingi maji ya ardhini hayako mbali, kwa kuwa mizizi yake huyafuata huko chini hata wakati nyasi za juu zimekauka.

Pwani kuna aina mbili zinazohusiana sana. Moja hupanda juu, mita 10 na zaidi, na kugawanyika. Nyingine ni fupi, huchipua kutoka chini na kufanya kichaka. Wasusi hupenda majani yanayofikiwa kwa mkono bila ngazi, yaani ya aina hii fupi pamoja na yale ya miche ya aina ndefu. Kumbuka jambo hilo dogo, maana tutarudi kwake tutakapozungumzia kwa nini mikoma inapungua.

Shina moja, vichwa kumi na sita

Ukikata kilele cha mwembe, mwembe hutoa matawi pembeni na kuendelea. Ukikata kilele cha mnazi, mnazi hufa. Sababu ni kwamba miti ya ukoo huu hukua kutoka sehemu moja tu, laini na nyeupe, iliyofichwa katikati ya kichwa cha majani. Katika sura hii tutaiita moyo. Kila jani jipya hutoka hapo, na mti ambao moyo wake umeharibika hauna pengine pa kuanzia.

Mkoma umefanya jambo ambalo jamaa zake wengi hawawezi. Ukifikia kimo fulani, moyo wake hujigawa kuwa mioyo miwili iliyo sawa, na shina hufuata kila mmoja. Baada ya miaka, kila mmoja hujigawa tena. Viwili huwa vinne, vinne huwa vinane, na mkoma uliogawanyika mara nne una vichwa 16 juu ya shina moja. Faida yake ni kubwa. Kichwa kimoja kikiliwa na wadudu au kikivunjwa na upepo, vingine vinaendelea kuzaa.

Shina nalo halina pete za miaka kama la miti mingine mingi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuukata mkoma na kukuhesabia umri wake. Halinenepi mwaka hadi mwaka. Mishipa yake ya maji imetawanyika ndani ya shina zima, wakati miti mingine huiweka karibu na gome. Moto wa nyikani unaounguza gome la mti mwingine na kuuua, huuacha mkoma umeungua nje tu, mweusi, na majani mapya juu. Ndiyo maana katika mbuga zinazochomwa mara kwa mara mikoma hubaki imesimama peke yake.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia kazini: mikoma ina dume na jike. Mnazi hubeba maua ya kiume na ya kike katika mti mmoja, lakini mkoma dume hautazaa kamwe, hata uutunze namna gani. Mtu anayesafisha shamba na kuacha mkoma mmoja tu "kwa ajili ya matunda" huenda ameacha dume, au ameacha jike asiye na dume karibu.

*Kwa ufupi: mkoma hutambulika kwa jani la pepeo na shina linalogawanyika. Kila kichwa kina moyo wake, na uhai wa kichwa hicho uko ndani ya moyo huo.*

Kutoka jani hadi jamvi

Jani linalotakiwa na msusi si lile lililokwisha kufunguka. Jani lililofunguka limeshapigwa na jua na upepo, limekomaa, limekuwa gumu, na likikunjwa hukatika. Linalotakiwa ni lile changa lililosimama wima katikati ya kichwa, bado limejikunja kama mwavuli. Ndani yake jua halijafika. Lina rangi ya kijani iliyofifia, ni laini, na nyuzi zake hukubali kukunjwa bila kuvunjika. Hilo ndilo linalokatwa, na likishakaushwa huitwa mwaa, wingi wake miyaa.

Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Anashika jani kwa mkono mmoja, anapiga kisu au panga juu ya kikonyo, analivuta. Asiyejua hupiga chini mno na kuujeruhi moyo. Miba ya vikonyo vya majani ya zamani humpata kila mtu, na mikono ya wanawake wanaofanya kazi hii tangu usichana huwa na makovu madogo kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Nyumbani majani huanikwa juani siku kadhaa hadi rangi ya kijani iliyofifia igeuke kuwa ya maziwa. Mvua ya ghafla ikiyakuta, hupata madoa ya ukungu yasiyotoka, na miyaa yenye madoa hufaa kwa kamba tu. Yakikauka hufunguliwa, kila kijani kikatengwa na mwenzake, uti wa katikati ukaondolewa, kisha vijani vikachanwa kuwa vipande virefu vyembamba vinavyoitwa chane. Upana wa chane ndio unaoamua kitakachosukwa. Chane pana ni za jamvi na kapu la shamba. Chane nyembamba ni za msala, yaani mkeka mdogo wa kusalia, na za kawa la kufunikia chakula.

Wanaotaka rangi huzitokosa chane kabla ya kusuka. Zamani rangi nyeusi ilitoka kwenye mmea unaoitwa mdaa, manjano ilitoka kwenye bizari ya manjano ile ile ya jikoni, na wekundu wa udongo ulitoka kwenye magome ya mikoko. Siku hizi rangi za pakiti kutoka dukani zimechukua nafasi. Zinang'aa zaidi siku ya kwanza na hufifia haraka zaidi juani. Binafsi napenda zile za zamani, ingawa naelewa kabisa kwa nini mama mwenye oda ya mikeka mingi hatatembea kutafuta mizizi ya mdaa.

Sasa kaa na msusi barazani umtazame. Amezilowesha chane kidogo na kuzifunga ndani ya kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa chane kavu hukatika. Anasuka ukili, yaani utepe mrefu wa chane zinazopishana mshazari, ambao ndio msingi wa karibu kila kitu cha miyaa. Chane ikifika ukingoni hukunjwa na kurudi ndani. Ikikaribia kuisha, chane mpya huchomekwa chini ya zilizopo bila fundo lolote, na mkia wa ile ya zamani huachwa ukining'inia nyuma. Mikia hiyo hukatwa mwishoni kwa kisu kikali. Upande wa mbele hutaona mahali chane moja ilipokwisha na nyingine kuanza. Macho ya msusi hayako hata kwenye ukili. Anazungumza na jirani, anamwita mjukuu aitikie, anasikiliza sufuria jikoni, na vidole vinaendelea. Ukimwuliza, "Bibi, unajuaje kama hujakosea?" atakwambia vidole vikikosea vyenyewe husimama.

Ukili hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, ambao ni dhiraa nne au karibu mita 1.8. Wapo wanaosuka ukili tu na kuuviringisha, kisha wakauuza kwa pima kwa mtu mwingine anayejua kushona. Kushona ni ufundi wa pili. Kili huwekwa ubavu kwa ubavu, ukingo juu ya ukingo, na kuunganishwa kwa uzi wa miyaa unaopitishwa kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka. Kikapu huanzia chini katikati na ukili huzunguka ukipanda. Jamvi hushonwa kwa kili zilizonyooka, kisha pembeni huwekwa taraza, yaani ukingo wa kulizuia lisifumuke. Ukitaka kujua jamvi zuri sokoni, acha rangi kwanza. Ligeuze, uvute mahali kili mbili zinapokutana. Mwanga ukipita, liache.

Kazi uliyoifanya mti huu

Waandishi wengi wanapotaka kusifu ususi wa pwani husifu mkeka wa ukindu, yaani wa majani ya mkindu, na wana haki. Ni mwembamba, una rangi na nakshi, hutandikwa chumbani na kwa wageni. Lakini kazi nzito ya nyumba na soko ilibebwa na miyaa, ambayo ni migumu zaidi, na kwa maoni yangu haijapewa heshima inayostahili.

Fikiria jamvi. Kabla ya mazulia, misikiti mingi ya mwambao ilitandikwa majamvi. Watu waliokaa matanga walikaa juu ya majamvi, na walioalikwa harusini pia. Mtama, mpunga na dagaa vilianikwa juu yake. Unguja na Pemba, karafuu zikichumwa huchambuliwa na kuanikwa juani juu ya majamvi mpaka zigeuke kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia iliyoiva, na jioni au mvua ikitishia jamvi hukunjwa pamoja na mzigo wake na kuingizwa ndani kwa mara moja. Hebu jaribu kufanya hivyo na karafuu zilizomwagwa chini. Zao lililoipa Zanzibar jina duniani limekaushwa juu ya jani la mti ambao haujaandikwa popote katika hesabu za utajiri wa visiwa vile.

Kisha kuna makanda, mifuko ya miyaa iliyobeba nafaka, tende na chumvi kabla ya magunia ya katani na ya plastiki. Kuna shupatu, ukili mpana unaowambwa kwenye fremu ya kitanda ili mtu alale juu yake. Kuna fumba, mkeka ulioshonwa kuwa mfuko, ambamo msafiri aliingia akalala akiwa salama na mbu na upepo wa usiku. Kuna mafagio, mapepeo, na kamba. Kamba ya makumbi ya nazi ndiyo iliyostahimili maji ya chumvi. Ya miyaa ilikuwa ya nchi kavu, ya kufungia kuni, mbuzi na fito za nyumba.

Na kuna kifumbu, ambacho ningependa kukizungumzia kidogo zaidi. Ni kikapu kidogo cha kuchujia tui. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikaingizwa ndani, kisha mikono miwili ikakikamua. Linatoka tui zito la kwanza, linawekwa kando. Maji huongezwa, linatoka tui jepesi la kupikia. Kinachonivutia ni hesabu iliyo ndani ya ususi wake. Matundu yakiwa makubwa, machicha hupita na kuharibu mchuzi. Yakiwa madogo, tui halitoki na mpishi huumia viganja. Msusi hakupimiwa tundu hilo na mtu yeyote. Alilipata kwa kupika, kwa kuwa yeye aliyesuka ndiye aliyekamua. Chujio la plastiki linafanya kazi hiyo leo kwa haraka, lakini halikubali kukamuliwa, kwa hiyo mtu hukamua kwa mkono kwanza na kuacha sehemu ya tui ndani ya machicha.

Hata baharini miyaa ilifika. Mtepe, jahazi la zamani lililojengwa hasa visiwa vya Lamu, haukuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20, na ufundi wa kusuka tanga ulitoweka pamoja nayo. Kati ya hasara zote za ususi wa pwani, hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, maana jamvi tunaweza kumwomba bibi atufundishe leo, lakini tanga hatuna wa kumwuliza.

Tunda na walaji wake

Tunda la mkoma huitwa koma, wingi makoma. Ganda ni gumu na linang'aa. Chini yake kuna nyama kavu yenye nyuzi nyingi, tamu, yenye harufu inayoelekea tangawizi. Halimenywi kwa kisu. Watoto hulipiga juu ya jiwe mpaka lilegee, kisha hulitafuna na kufyonza nyuzi. Turkana, wakati wa ukame, makoma si mchezo wa watoto. Nyama yake hutwangwa ikawa unga, na ni chakula cha familia. Koma changa lina maji ndani ya mbegu, yanayonyweka kama madafu.

Mbegu ikikomaa huwa nyeupe na ngumu sana, kiasi cha kuchongwa. Eritrea, wakati wa utawala wa Waitaliano, mbegu za ndugu wa mkoma wetu zilitengenezewa vifungo vya nguo. Ndugu huyo huyo ndiye aliyethaminiwa na Wamisri wa kale. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, matunda yake yalikuwa miongoni mwa vyakula alivyowekewa mfalme.

Msambazaji mkubwa wa makoma ni ndovu. Humeza tunda zima, hutembea maili nyingi, na mbegu hutoka nyuma yake ikiwa imefunikwa mbolea. Nyani nao hutafuna na kutupa. Lakini ndovu hawazunguki tena katika mashamba mengi ya pwani, kwa hiyo makoma mengi huanguka chini ya mama yao na kukaa hapo. Mahali kama hapo, mtoto anayeondoka na koma mfukoni na kutupa kokwa njiani anafanya kazi ya ndovu bila kujua.

Juu ya vichwa vya mikoma huishi ndege mdogo mwembamba wa jamii ya teleka, ambaye watu wengi humwita mbayuwayu tu. Hugandisha manyoya kwa mate yake kwenye upande wa chini wa jani lililoning'inia, kisha hugandisha na yai lenyewe ili upepo usiliangushe. Ndiyo maana majani makavu yanayoning'inia, ambayo watu huyaona uchafu na kuyachoma, yana wapangaji.

Niseme neno juu ya tembo, nikimaanisha kinywaji. Mgema wa mnazi hukata karara la maua, akatega kibuyu, na mnazi ukaendelea kuishi miaka mingi. Mkoma hugemwa tofauti. Kusini mwa Afrika, katika nyanda za Maputaland, wagema hukata kilele cha shina lenyewe, karibu na moyo, na shina lililogemwa hufa. Kwa aina fupi inayochipua kutoka chini, kichaka huweza kurudi. Kwa mkoma mrefu wa shina moja, kugema namna hiyo ni kuua mti wa miaka mingi kwa kinywaji cha wiki chache.

*Kwa ufupi: jani, tunda na mbegu vyote huchukuliwa bila kuua mti. Kinachoua ni kuugusa moyo.*

Mti usio na mwenyewe

Kwa desturi ya pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu aliyepanda mnazi kwenye ardhi ya mwingine ana mnazi wake. Minazi na mikarafuu ilihesabiwa, ikarithiwa, ikauzwa, ikawekwa rehani. Msingi wa haki hiyo ulikuwa mkono uliopanda. Mkoma haukupandwa na mkono wowote, kwa hiyo haukuwahi kuwa wa mtu.

Kwa karne nyingi hilo lilikuwa jambo jema. Mwanamke asiye na shamba wala mnazi aliweza kwenda nyikani na kisu chake, akarudi na majani, akasuka, akauza, na fedha ile ikawa yake mwenyewe. Sijui mti mwingine wa pwani uliokuwa na ukarimu wa namna hiyo kwa maskini.

Ubaya wake umeonekana ardhi ilipoanza kuuzwa kwa viwanja. Mnunuzi huona minazi na huuliza bei yake. Mikoma huihesabu pamoja na vichaka vya kung'oa. Anayeng'oa hakatazwi na mtu, kwa kuwa wanawake waliokuwa wakikata majani pale hawana karatasi wala shahidi, na mara nyingi hujua habari wakikuta ua.

Lipo tatizo la pili, lenye utulivu zaidi. Nilisema wasusi hupenda majani yanayofikiwa kwa mkono. Maana yake ni kwamba miche ndiyo inayokatwa zaidi. Mche unaokatwa kila jani jipya linapotokeza hauna majani ya kuulisha, na hubaki kichaka kifupi miaka nenda miaka rudi bila kupanda shina wala kuzaa. Ukitembea mahali kama hapo utaona mikoma mirefu ya kizee na vichaka vya chini, na katikati hakuna kitu. Wazee wakianguka hakuna warithi. Botswana, eneo la Okavango, biashara ya vikapu vya majani ya ndugu wa mkoma ilipokua katika miaka ya 1970 na 1980, miti hiyo ilipungua sana karibu na vijiji vya wasusi. Soko zuri peke yake, basi, haliokoi mti.

La tatu ni plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania nzima mwaka 2019. Nilitumaini kikapu cha miyaa kingerudi mkononi kwa kila mtu aendaye sokoni. Kimerudi kwa baadhi. Lakini mikeka ya plastiki haikuguswa na sheria hizo, nayo ndiyo inayolala sebuleni. Wapo watakaosema hiyo ni nafuu kwa mkoma, kwamba usiposukwa hautakatwa majani. Sikubaliani. Jani likichukuliwa kwa adabu mti huendelea. Mti ambao kijiji hakiuhitaji tena ndio unaochomwa mkaa na kusafishwa kiwanja bila mtu kulalamika.

Adabu hiyo wasusi wazoefu wanayo, na inafaa iandikwe:

- Kata jani moja changa katika kichwa, kisha acha linalofuata lifunguke kabla hujarudi.
- Pitisha kisu juu ya kikonyo, mbali na moyo.
- Katika kila eneo, chagua miche ambayo haitakatwa kabisa, ili ipande shina.
- Acha dume na jike.

Ukitaka kuupanda

Hakuna sharti kwamba mkoma usipandwe. Ni kwamba wengi waliojaribu walifanya walivyozoea kwa mwembe, wakashindwa, wakasema haupandiki.

Chukua koma lililokomaa na kuanguka lenyewe. Toa nyama, uloweke kokwa kwenye maji siku chache ukibadilisha maji kila siku. Kisha lipande mahali pale pale unapotaka mti usimame. Usitumie mfuko wa miche. Mbegu ya mkoma haitoi chipukizi juu kwanza. Hutoa bomba linalochimba chini, hata zaidi ya shibiri moja, likiwa limebeba mche ndani yake, na mzizi na jani huanzia huko. Kwenye mfuko bomba hilo hufika chini na kupinda, na ukihamisha hukatika.

Panda mbegu kadhaa pamoja maana hujui ipi dume, ipi jike. Chagua mchanga wenye jua, pasipotuama maji. Subiri miezi kadhaa, na nyingine huchukua hata mwaka. Jani la kwanza halina umbo la pepeo. Ni ukanda mmoja ulionyooka, ambao kila anayepalilia huudhani jani la nyasi na kuung'oa. Basi zungushia miti mahali ulipopanda, mbuzi wasifike, na mtu wa jembe mwonyeshe kwa kidole kabla hajaanza kazi.